Mgeni wa Siku ya Tatu

Lugha yetu ina maneno mawili kwa mtu mmoja. Akiwa mbele ya sheria huitwa raia. Akiwa mbele ya jukwaa la siasa huitwa mwananchi. Wengi wetu huyatumia kwa kubadilishana, lakini aliyewahi kukaa na matini ya sheria akiitafuta maana ya kila neno hujua kwamba haya hayakutoka nyumba moja. Raia limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni kundi la wanyama linalochungwa, kisha likawa watu walio chini ya ulinzi wa mtawala. Raia, basi, ni mtu mwenye mchungaji. Mwananchi ni la kwetu: mwana wa nchi. Hapo hapana mchungaji, pana mzazi, na mzazi mwenyewe ni ardhi. Neno la kwanza lasema mtu huwa wa mahali kwa kuwa mwenye mamlaka amemhesabu. La pili lasema mtu huwa wa mahali kwa kuwa mahali hapo pamemlea.

Kwa walio wengi tofauti hii haina uzito. Wao ni raia na ni wananchi kwa pamoja, na hawakupata kuulizwa wala kujiuliza. Uzito huja pale maneno mawili yanapoachana, mtu akawa mwana wa nchi aliyelelewa nayo na kuzikiwa wazazi wake ndani yake, na daftari la serikali likawa halimjui. Mtu huyo anapokwenda kuomba uraia, anaomba nini? Anaomba zawadi, ambayo mwenye kutoa ana hiari ya kutoa au kunyima? Au anadai deni?

Mfano wa kulipimia swali hili tunao karibu, na ni wa ndugu zetu wenyewe.

Tangu zamani wavuvi wa Pemba hupiga dago katika fukwe za ng'ambo. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa dago ni nini, lakini kwa ajili ya wengine nitasema kwamba ni kambi ya wavuvi, na ni neno la msimu: upepo ukigeuka, dago huvunjwa na watu hurejea kwao. Wapo ambao hawakurejea. Walioa, wakazaa, wakajenga, na dago likawa mji. Hivyo ndivyo Wapemba walivyokuwa wakaazi wa Vanga na Shimoni upande wa Kwale, na wengine wakafika hadi Kilifi. Baadhi walitangulia katika miaka ya 1930. Wengine walivuka baada ya Mapinduzi ya 1964, na hao hawakufuata samaki.

Hapa historia yafaa isomwe taratibu, kwa sababu wanasiasa huisoma kwa pupa. Mwambao wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukawekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mkataba wa 1895, huku bendera nyekundu ya Sultani ikiendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa. Mvuvi aliyeng'oa nanga Wete mwaka 1950 akatua Vanga, alitoka katika milki ya Sultani akaingia katika milki ya Sultani. Alivuka maji, hakuvuka dola. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, walikubaliana kwamba Mwambao uwe sehemu ya Kenya. Barua zao zilitaja mahakama za Kadhi, uhuru wa dini, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi. Wenye ardhi walikumbukwa. Mwenye mtumbwi hakuwa na hati ya kukumbukwa. Tarehe 10 Desemba Zanzibar ikapata uhuru. Tarehe 12 Kenya ikapata wake. Na katika siku mbili hizo mpaka ukapita juu ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Haukupita mwezi na siku mbili, serikali ambayo labda ingewaulizia watu wake ng'ambo ikawa haipo tena.

Katiba ya Uhuru ya Kenya iliwafanya raia moja kwa moja wale waliozaliwa nchini na ambao mzazi wao mmoja alizaliwa humo pia. Baadhi ya wakaazi wengine walipewa miaka miwili wakajiandikishe. Miaka miwili ni muda mwingi kwa mwenye karani na gazeti. Kwa mtu ambaye serikali kwake ni mkusanya ushuru anayefika mara mbili kwa mwaka, miaka hiyo ilipita kama ipitavyo ilani iliyobandikwa ukutani kwa lugha asiyoisoma. Basi yule aliyekuwa mwenyeji akaamka mgeni, na wanawe wakazaliwa wageni, na wajukuu vilevile.

Ugeni wa namna hii hauonekani kwa macho. Mtu huyu asema lugha ileile, aswali msikiti uleule, ale samaki yuleyule. Huonekana siku anapotakiwa kipande. Bila kitambulisho Kenya huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na siku hizi pesa zapita simuni. Huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kukata leseni ya uvuvi, huwezi kusajili chombo. Kwa hiyo mvuvi hodari kuliko wote katika bandari hununua mashua kwa jasho lake na kuiandika jina la jirani. Jirani akifa, mashua ni ya warithi wa jirani. Nyavu zake, akili yake ya kusoma maji na nyota, yote hayo anayo, lakini mali yake yote imekaa katika jina la mtu mwingine. Mtoto naye hufika mahali pa mtihani akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Na barabarani kila askari ni mtihani mwingine, ambao haufanywi kwa kalamu.

Wazee wetu wameacha methali inayojulikana na kila mtu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu hutajwa kwa kumsuta mgeni mvivu, na huishia hapo. Mimi naona ina upande wa pili ambao hatuutazami. Jembe si adhabu. Mgeni hatumikishwi, kwani mgeni ana heshima yake, huandaliwa na kuangaliwa. Anayepewa jembe ameondolewa heshima ya ugeni na kupewa nyingine badala yake, ya kuwa mmoja wa nyumba. Sasa hoja: nyumba iliyompa mtu jembe, ikala alichokilima kwa miaka sitini, yaweza kumwambia kwamba bado yuko katika siku yake ya pili? Wapemba waliwavulia watu wa Kwale na Kilifi samaki kwa vizazi vitatu. Wamakonde, waliotoka Msumbiji na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya tangu enzi ya Waingereza, hawakupewa jembe kwa mfano wa maneno tu. Walipewa lenyewe, la chuma.

Nisikilize pia upande wa pili, maana si wa wapumbavu. Watasema hivi. Nyumba isiyo na mlango si nyumba. Jamii ina haki ya kusema nani aingie, na haki hiyo haiwi kitu ikiwa kila aliyeingia bila hodi aweza kungoja tu mpaka watu wamzoee. Muda, watasema, haugeuzi kosa kuwa haki. Aliyekalia kiti cha mwenzake kwa miaka ishirini hakukifanya kiti kuwa chake. Tena kuna waliobisha hodi, wakaambiwa wangoje, nao wangali wanangoja nje.

Hoja hii nimeikuta kwa ukali wake wote katika habari za Marekani, ambako suala la wahamiaji wasio na hati limegawa Bunge kwa miongo kadhaa. Huko husemwa juu ya "njia ya kuelekea uraia", na wapinzani hujibu kwa "foleni": hao wameruka foleni. Mwaka 2013 Baraza la Seneti lilipitisha mswada, kura 68 kwa 32, ambao kwa wengi ungeifanya njia hiyo kuwa ya miaka 13. Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura. Mwaka mmoja kabla, Rais Obama alikuwa amewapa vijana walioletwa nchini wakiwa watoto ruhusa ya kukaa na kufanya kazi miaka miwili miwili, bila uraia, na wengi wao wamefikia utu uzima wakihesabu maisha kwa vipande hivyo. Ila kinachonivutia zaidi ni sheria yao nyingine, kongwe, isiyotajwa sana. Ni ya 1929. Yasema kwa ufupi kwamba aliyekwishaingia kabla ya tarehe fulani, akakaa, na mwenendo wake ukawa mwema, aweza kuandikishwa mkaazi wa kudumu hata kama hana hati ya kuingia. Tarehe hiyo ilisogezwa mbele mara kadhaa kadiri miaka ilivyokwenda. Mara ya mwisho ilikuwa 1986, chini ya Rais Reagan, katika sheria ileile iliyowahalalisha watu wapatao milioni 2.7, ikawekwa 1 Januari 1972. Haijasogezwa tena hadi leo. Anayetaka kuitegemea sheria hiyo sasa lazima awe amekaa huko zaidi ya nusu karne. Kwa maneno mengine, taifa lile liliwahi kukubali kwamba muda una neno la kusema katika jambo hili, kisha likaisimamisha saa.

Nawakubalia wapinzani jambo moja: muda peke yake hauzai haki. Jiwe laweza kukaa mahali miaka elfu na lisiwe mwananchi. Lakini mtu si jiwe, na mfano wao wa kiti haufai, kwa sababu kiti hakibadiliki kwa kukaliwa. Mtu aliyekaa mahali ameoa hapo, amekopa na kukopesha, amesimamia harusi, ameosha maiti za majirani na majirani wameosha zake. Kila moja ya hayo ni fungamano, na fungamano lina ncha mbili. Kumwambia leo kwamba yeye si wa hapa ni kuikata ncha yake na pia ncha ya jirani, ambaye ni raia na hakuulizwa. Haki ninayoisema hutoka katika nyuzi hizo. Miaka ni kipimo chake tu, kama pishi ilivyo kipimo cha mchele na si mchele.

Ama foleni, ni neno la mahali penye dirisha. Kwa Wapemba hapakuwa na dirisha. Kenya haikuwa na sheria ya kumtambua mtu asiye na uraia wa nchi yoyote hadi 2011, na hiyo ikatoa miaka mitano, ikaongezwa mitatu, muda ukaisha 2019. Na mtoto aliyezaliwa Shimoni hakuruka kitu. Nani aliyebisha hodi alipozaliwa?

Katika sheria hiyo ya 2011 mna sharti ambalo sikulisoma bila kucheka. Mwombaji lazima ajue Kiswahili au lugha mojawapo ya nchi. Mpemba aulizwe kama ajua Kiswahili! Mwaka huohuo wa 2011, Dar es Salaam, kilitoka kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, chenye tungo za Kamange na Sarahani. Na mhariri wake ni Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Lakini tuliache hilo, sharti lenyewe si baya na halikuandikwa kwa ajili yetu.

Lililo zito ni jambo jingine, nalo sijaona likijadiliwa ipasavyo. Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Wakaandikishwa. Kisha mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao, ilipofika zamu yao mwaka 2023, tamko la Rais William Ruto liliwatambua kama jamii mojawapo ya makabila ya Kenya. Sasa niulize: tangu lini Mpemba akawa kabila? Hapa visiwani Mpemba ni mtu wa Pemba. Ndani ya jina hilo mna waliotoka bara, Ungazija na Hadhramaut, na mna wasiojua walitoka wapi wala hawana haja. Ni jina la kisiwa walilopewa watu. Likavushwa maji, likafika ng'ambo, likakuta daftari lenye safu ya kabila, na safu hiyo yataka kujazwa. Ili ahesabiwe kuwa raia, mtu alilazimika kwanza kuwa kitu ambacho kwao hakuwa.

Sisemi hivi kwa dhihaka, na najua kwamba mwenye njaa haulizi sahani. Lau ningekuwa mmoja wao ningeipokea karatasi hiyo kwa mikono miwili. Lakini fikra iliyojificha ndani yake yatisha kidogo: kwamba nchi ni jumla ya makabila yake, na mtu mmoja mmoja huingia kwa mlango wa kabila au haingii kabisa. Je, aliye peke yake? Yule ambaye babu yake alikuja akiwa mmoja, akaoa, na ukoo wake ukawa watu kumi na wawili, ambao hawatoshi kufanya maandamano wala kuwa namba ya 46?

Liko na suala la namna ya kupewa. Julai 2023, Kilifi, hati zilitolewa hadharani na Rais mwenyewe, na watu wakashangilia. Walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Desemba 2020 mtangulizi wake alikuwa amewatangazia uraia Washona 1,670, ambao wazee wao walitoka Rhodesia wakihubiri Injili. Kila mara ni Rais, ni siku maalumu, ni makofi. Deni likilipwa kwa sura ya zawadi, mdai hugeuka mwombaji. Hushukuru kwa kilicho chake, na katika siasa shukrani ina siku yake ya kukusanywa, nayo ni siku ya kura. Wamakonde waliandikishwa miezi minane kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Sitii nia mbaya katika moyo wa mtu yeyote. Natazama kalenda tu.

Na kinachotolewa kwa neno chaweza kuning'inizwa kwa neno. Tanzania ilifanya jambo kubwa, ambalo nchi chache duniani zimelifanya, ilipowakubalia uraia wa tajnisi wakimbizi 162,156 waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao, wakaazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Maombi yao yalikuwa yamekubaliwa ilipofika 2010. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Katika miaka hiyo minne watu wale walikuwa wamekwishaukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawajaushika. Na waliambiwa kwanza kwamba sharti ni wahame makaazi yale waliyoyafyeka wenyewe porini, wakatawanyike mikoa mingine. Sharti hilo liliachwa baadaye. Naisifu Tanzania kwa kilichofanyika, na nasema pia kwamba miaka minne ya kutokuwa mtu wa popote si jambo la kupita juu yake kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa mwema.

Wala visiwani tusijione tumekaa pembeni tukihukumu. Baada ya Mapinduzi, Wangazija wengi waliozaliwa Unguja, wana wa masheikh na walimu waliofundisha mji huu, waliambiwa kwamba wao si raia, na kwamba wanaotaka uraia wauombe. Wapo waliouomba na wapo waliohama. Wajukuu wao wangali wamo mitaani mwetu, na baadhi yao ni wasomaji wa kurasa hizi.

Nirudi Vanga, kwenye jambo ambalo bado halijakwisha. Katiba ya Kenya ya 2010 yatofautisha raia wa kuzaliwa na raia wa kuandikishwa. Wa kuandikishwa hawezi kugombea urais, na Ibara ya 17 yataja makosa ambayo yaweza kumpotezea uraia wake, ambayo wa kuzaliwa hayamgusi. Nani ni wa kuzaliwa? Ibara ya 14 yasema ni yule ambaye siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Mahali pa kuzaliwa haipafanyi sharti. Ukiisoma kwa herufi zake, chukua nyumba moja ya Wapemba, mume na mke, wote wawili wazaliwa wa pwani ile, wote wawili wameandikwa 2023. Wana watoto wawili. Mkubwa alizaliwa 2022, mdogo 2024. Wamezaliwa chumba kimoja, wamekatwa kitovu na mkunga mmoja, na maji waliyooshwa yametoka kisima kimoja. Mdogo ni raia wa kuzaliwa. Mkubwa, kama amekwishaandikwa, ni raia wa kuandikishwa, na atakapofika darasani na kusomeshwa Katiba ya nchi yake huenda akataka kujua ni kitu gani nduguye alikifanya ambacho yeye hakukifanya.